Kifua Changu Kilijua Siku ya Ofu

Kwa miaka mitatu nilinunua dawa ya kikohozi duka lilelile, pale Sinza, Dar es Salaam, hatua chache kutoka kituo cha daladala. Kijana wa duka la dawa akiniona tu, mkono unapanda kwenye rafu. "Ya maji, mama?" "Ya maji, mwanangu." Siku nyingine ananiongezea amoksilini nusu dozi. Nameza siku mbili, kifua kinafunguka, vidonge vilivyobaki navitupa kwenye droo. Nikawa namsifia kwa majirani kwamba dawa zake hazina utani. Ilinichukua muda mrefu kuona kwamba nafuu yangu ilikuja kila mara Jumatatu usiku au Jumanne asubuhi, na Jumatatu ndiyo ilikuwa ofu yangu.

Nilipika kwenye mgahawa ule miaka kumi na moja. Jina silitaji. Bosi hakuwa mtu mbaya, na haya ninayoyasimulia yapo kwenye majiko mengi tu mjini. Mbele kulikuwa na vitambaa vya meza, kiyoyozi na maua ya plastiki. Nyuma tulikuwa sisi, watu saba kwenye chumba ambacho wawili mkinyoosha mikono mmeshamaliza upana wake. Majiko mawili makubwa ya mkaa ya wali na maharage, karai la chipsi, mashine ya kukaangia kuku, kona ya dada wa chapati, na sinki. Dirisha lilikuwepo, ila lilitazamana na nyumba ya jirani. Jirani alipolalamikia moshi, dirisha likapigiliwa ubao. Kesi ya jirani ikaisha, moshi ukabaki nasi.

Juu ya majiko palikuwa na kofia ya bati yenye feni ya kuvuta moshi. Ilikuwa inanguruma kama lori la mchanga kwenye mlima, na sisi kwa kuisikia kelele tukaamini inafanya kazi.

Mtu wa nje akisikia moshi wa jikoni anafikiria kuni. Kuni zina shari yake, lakini jiko la mgahawa lina moshi wa kila aina na kila mmoja una tabia yake. Chukua mafuta ya chipsi. Yakifika siku ya tatu au ya nne yanakuwa meusi kama chai ya rangi, na yanaanza kufuka mapema, moshi mwembamba wa buluu unaochoma macho. Ndani yake mna kemikali iitwayo akrolini, ndiyo inayokuliza bila kufiwa. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), liliuweka mvuke wa kukaangia kwenye moto mkali katika kundi la vitu vyenye uwezekano mkubwa wa kusababisha saratani kwa binadamu. Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba nikisimama kwenye karai toka saa tano hadi saa tisa, usiku makohozi yangu yana ladha ya chipsi.

Halafu pilipili. Sosi yetu ilikuwa na sifa, watu walitoka Mwenge kuifuata. Kila siku saa nne asubuhi kilo nzima ya pilipili mbuzi iliyosagwa inamiminwa kwenye mafuta ya moto pamoja na kitunguu swaumu. Wote saba tunakohoa, machozi yanatiririka, kamasi zinatoka, na tunacheka. Mgeni akianza kazi, pilipili yake ya kwanza ndiyo ubatizo. Nimewacheka wengi. Kikohozi kilikuwa utani wetu, kwa hiyo hakuna aliyeangalia nani anaacha kukohoa baada ya dakika tano na nani anaendelea mpaka jioni.

Mkaa ndio tulioujua vibaya kuliko vyote. Tuliuogopa unapofuka, ukishakuwa mwekundu tukauamini. Kumbe mkaa uliokolea bado unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Masika moja mvua ilikataa tuwashe nje. Tukawasha ndani, mlango tumeurudisha ili maji yasiingie. Kijana wa chipsi akaketi chini taratibu kama mtu aliyechoka, akasema kichwa kinamgonga, akatapika. Tukamtoa barazani. Baada ya nusu saa hivi uso ukarudi kuwa wake. Tukakubaliana kwamba hakunywa chai. Mimi mwenyewe nilimkorogea uji na kumkanya asije tena kazini na njaa.

Kila Jumamosi bosi alitugawia maziwa, pakiti ya nusu lita kila mtu. Alikuwa akisema, "Kunyweni, yanasafisha kifua." Hakuzua yeye. Fundi wa rangi anaambiwa hivyo, mchomelea vyuma anaambiwa hivyo, msaga nafaka anaambiwa hivyo. Tuliyapenda yale maziwa kwa sababu yalikuwa ndiyo mara pekee mtu wa mbele alikumbuka kwamba nyuma kuna vifua. Wengine waliyabeba kwa watoto. Mimi niliyanywa palepale jikoni, nimesimama kwenye moshi.

Na kulikuwa na cheti cha afya. Kila miezi sita tunapanga foleni na vikopo vyetu, tunapimwa choo, tunakaguliwa kucha na ngozi. Sina neno na hilo, mteja ana haki ya kula pilau bila minyoo yangu. Ila mara moja nilikohoa mbele ya mpimaji mpaka nikashika meza, akanisubiri nimalize kwa adabu, kisha akagonga muhuri. Karatasi ile iliuliza kama mimi nina kitu cha kumpa mteja. Jiko linanipa nini mimi, hapakuwa na mstari wa kujaza.

Kikohozi kilipopita mwezi bila kukata, watu wakaanza kutenga vikombe. Hakuna aliyesema, ila niliona kikombe changu cha bati kimehamishiwa ukingoni mwa rafu, peke yake. Nikaenda kupima TB. Hili nawashauri wote bila kusita: kikohozi kikivuka wiki mbili nenda katoe makohozi, kipimo ni bure na dawa zake ni bure. Majibu yangu yalikuja safi, na picha ya kifua haikuonyesha kitu. Nilirudi nikiimba. Nikakirudisha kikombe katikati ya rafu, wote wanaona. Hapo nikafanya kosa lililonigharimu mwaka mwingine mzima, maana kwa akili yangu kifua kilikuwa na ugonjwa mmoja tu wa kuogopa. Kama si TB, basi ni mafua, na mafua dawa yake ni ya maji.

Kilichonitoa huko ni siku ya Idi pili. Wateja walikuwa wengi kupita kiasi, tukafunga saa sita usiku na sakafu inateleza kama imepakwa sabuni. Kijana mgeni alipewa kazi ya kusugua. Akamimina jiki kwenye ndoo, akaona povu halitoshi, akaongeza dawa ya kusugulia masinki, ile kali yenye asidi. Nia yake ilikuwa njema. Jiki ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini, na mimi nilikuwa nimeinama karibu na ndoo nikifuta mlango wa jiko. Nilisikia harufu ya bwawa la kuogelea, kisha nikawa sisikii harufu, nasikia mkanda umezungushwa kifuani na mtu anauvuta. Wenzangu walitoka mbio. Mimi sikuweza kutoka mbio. Dada wa chapati alirudi kunikokota kwa mikono yake yenye unga.

Hospitali waliniwekea mashine ya mvuke puani, nikakaa nayo mpaka alfajiri. Daktari wa zamu alikuwa binti mdogo, umri wa mwanangu wa kwanza. Nilipotulia akavuta kiti.

"Mama, shikamoo. Unavuta sigara?"

"Marahaba. Sijawahi hata kushika."

"Unafanya kazi gani?"

"Mpishi."

"Unapikia wapi, na moto gani?"

Nikamweleza. Akaandika muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo kwa miaka mitatu hakuna aliyeniuliza, wala mimi sikujiuliza: "Siku ya mapumziko, kifua kinakuwaje?"

Nilifungua mdomo nijibu kwamba hakuna tofauti, nikanyamaza.

Alinipa kazi. Kuna kifaa kidogo, bomba la plastiki lenye mshale na namba pembeni. Unasimama wima, unavuta pumzi yote, unabana midomo, unapuliza pumzi moja ya nguvu kama unazima mshumaa ulio ng'ambo ya meza. Mara tatu, unaandika namba kubwa. Nipulize mara nne kwa siku, nikiamka, kabla ya kazi, nikitoka kazini, na kabla ya kulala, siku za kazi na siku za ofu, wiki nne. Nikachukua daftari la hesabu la mtoto wa darasa la nne, lenye viboksi. Mwanangu akanichorea mistari kwa rula.

Jumamosi usiku 240. Jumapili usiku 230. Jumatatu, siku nzima niko nyumbani nafua, usiku 290. Jumanne nikiamka 310. Jumanne usiku, baada ya shifti, 255. Wiki ya pili vilevile. Ya tatu nilichukua likizo nikaenda Muheza kwa mama kwa siku kumi na nne, na mama akanipiga marufuku hata kusogelea mafiga. Siku ya kumi na mbili nilipuliza 390. Daktari alikuwa ameniambia mwanamke wa umri na kimo changu hutarajiwa kufika kama 400. Nilipuliza tena nikidhani mshale umekwama.

Niliporudi, alitandaza daftari mezani, akatoa kalamu nyekundu, akapiga mstari chini ya kila Jumatatu. Hakusema kitu. Akanisogezea nitazame.

Ilikuwa pumu, inayochochewa na kazi. Nikamwambia pumu si ya watoto? Akasema mtu anaweza kuipata akiwa na miaka arobaini, na jikoni ni mahali pazuri pa kuipatia. Mvuke wa mafuta, gesi, dawa za usafi, hata unga wa ngano, maana waoka mikate wana pumu yao inayojulikana miaka mingi. Hapo nilimfikiria dada wa chapati na chafya zake za kila asubuhi, tulizokuwa tunazihesabu kwa kubashiri. Akanieleza pia kwa nini ofu moja haikunitosha. Kadiri unavyokaa kwenye moshi miaka mingi, ndivyo njia za hewa zinavyochelewa kutulia, na siku moja haifuti siku sita. Nikamuuliza kuhusu maziwa. Akachora kwenye kona ya daftari bomba mbili, moja inakwenda tumboni, nyingine kwenye mapafu. "Maziwa yanapita hapa. Moshi unapita hapa. Kunywa maziwa, mama, ni chakula. Ila usiyape kazi isiyo yake."

Dawa zilikuwa mbili za kuvuta. Ya buluu ni ya kufungua kifua kikibana, ya kahawia ni ya kila siku, ya kutuliza uvimbe ndani, na baada ya hiyo lazima usukutue mdomo usije ukaota fangasi. Ile ya buluu niliipenda mara moja. Ya kahawia niliiacha baada ya wiki, kwa sababu sikuona inachofanya, na shangazi alikuwa ameniambia ukizoea pampu huachi hadi kaburini. Nikarudishwa kwenye mashine ya mvuke. Safari ile nilisikiliza. Muuguzi alinifundisha pia kuvutia dawa kwenye chupa ya maji ya nusu lita, aliyoitoboa kitako kwa waya wa moto tundu la kiasi cha mdomo wa pampu. Unapachika pampu pale, unabonyeza, unavuta taratibu kupitia mdomo wa chupa. Nilikuwa napoteza nusu ya dawa ulimini. Chupa ya maji ikanipa faida kuliko miaka mitatu ya duka la dawa.

Bosi nilimwendea na daftari. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, nimepanga hadi maneno. Akaitazama mistari myekundu, akaita fundi wa feni siku hiyohiyo. Fundi hakupanda hata ngazi kwanza. Alichana kipande cha karatasi ya chooni, akakiinua chini ya kofia ya bati huku feni inanguruma. Feni inayovuta ingekibandika juu kwenye chujio. Karatasi ilining'inia. Ikatikisika kidogo, kuelekea kwetu. Alipofungua, mafuta yalikuwa yameganda kwenye panga za feni unene wa kidole, na bomba la kwenda nje limejaa mpaka mwanga haupiti. Pale kwenye kona ya bomba palikuwa na kiota cha ndege, kikavu, cha zamani. Tulitazamana. Yale machujio yalichemshwa kwenye maji ya magadi ndoo mbili, maji yakatoka kama lami.

Mkaa nao ukaondoka, tukaingia kwenye gesi. Ndio wakati habari za nishati safi zilikuwa zimeshika kila redio. Mkakati wa taifa uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na mimi nauunga mkono kwa mikono miwili. Maumivu ya kichwa ya jioni yaliisha kwa watu wote saba, hayakurudi. Ila bosi akahesabu kwamba kazi imekwisha. Gesi ilibadilisha moto, haikubadilisha karai. Mafuta yalikuwa bado yanakaangia siku nne, pilipili bado saa nne asubuhi, ubao bado dirishani. Namba zangu zilipanda hadi 300, zikagoma hapo. Machujio yalioshwa mara mbili, kisha fundi akaonekana ghali.

Mzee wetu wa nyama choma aliondoka mwaka huohuo. Yeye alikuwa nje chini ya bati, tukimwonea wivu kwa hewa, lakini mafuta ya mbuzi yakidondokea mkaa yanamfukia usoni miaka ishirini. Alifika mahali anapumzika mara mbili kati ya jiko na kaunta. Alikuwa mvutaji, kwa hiyo kila mtu alisema sigara, na daktari wake pia. Sikatai, sigara zilifanya kazi yake. Lakini hakuna aliyemuuliza ile ya siku ya ofu. Alirudi kwao Singida na begi moja.

Mimi niliacha miezi michache baadaye. Nilikuja kujua nikiwa nje kwamba kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, na kwamba mwajiri anatakiwa kuwapima wafanyakazi wake kwa kadiri ya hatari ya kazi yenyewe, tofauti kabisa na kile cheti cha choo. Nilijua pia kuhusu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mchango wake anatoa mwajiri peke yake na magonjwa yatokanayo na kazi yamo. Sikuwa na mkataba. Miaka kumi na moja nililipwa mkononi, kila Jumamosi, pamoja na maziwa. Anayesoma hili akiwa jikoni kwa mtu, aulize mkataba kabla hajauliza kikohozi. Na aweke daftari, maana maneno yangu ya miaka mitatu hayakumsogeza mtu, ila namba za wiki nne zilimwita fundi.

Sasa nina banda langu Kigamboni, mabenchi matatu na bati. Nakaangia kwa gesi, mafuta nabadilisha yakianza tu kuwa meusi, pilipili naichemsha na nyanya kwanza kabla haijaona mafuta. Mkaa nimebakiza jiko moja, kwa sababu wateja wangu wanataka wali uliopaliwa moto juu na hapo siwezi kubishana nao. Kuta sikuweka ila ya nyuma. Nilipojenga nilikaa siku tatu nikitazama upepo, nikaliweka jiko la mkaa ili kaskazi ichukue moshi na kuupeleka kwenye kiwanja kitupu. Nilijiona mjanja mpaka mwezi wa nne.

Juzi binti anayenisaidia alianza kukohoa akiwa amesimama kwenye wali. Mara ya kwanza nikanyamaza, mara ya tatu nikachana karatasi ya chooni nikaiinua juu ya jiko. Ikatulalia usoni. Kusi imeingia mapema mwaka huu. Tukalishika jiko na moto wake, yeye sikio moja na mimi sikio jingine, tukalihamishia upande wa barabara. Mteja mmoja wa benchi la mbele akaanza kufuta macho, akalalamika kwamba moshi sasa unamfuata yeye.

"Hamia benchi la nyuma, kaka yangu," nikamwambia. "Hapo ni pa moshi mpaka kaskazi irudi."

Akabeba sahani yake, akahama.